Namba ya mlangoni si joto la damu: kwa mnaokabidhiwa friji la benki ya damu

Ninyi mnaoripoti mwaka huu kwenye maabara za hospitali za wilaya na vituo vya afya, mtakabidhiwa friji lenye mlango wa kioo, namba nyekundu juu yake, na mwenyeji wenu atawaambia, "Hili halina shida, angalia tu isome nne." Mengi niliyoyaona yakiharibika yameanzia kwenye hiyo "angalia tu". Namba ile inatoka kwenye kihisi kimoja kilichofungwa mahali pamoja, wakati damu imetawanyika rafu nzima, juu hadi chini. Kabla hujaiamini, fungua friji ukitafute kihisi kiko wapi na kimezamishwa kwenye nini.

Kipimo chenyewe kwanza. Damu nzima na chembe nyekundu hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 6 za Sentigredi. Waliopita kliniki ya mama na mtoto wana 2 hadi 8 kichwani. Hiyo ni ya chanjo, iacheni huko huko. Wapo bakteria, Yersinia enterocolitica kwa mfano, wanaozaliana hata kwenye nyuzi 4, polepole, na joto likipanda wanapata kasi. Upande wa chini nako kuna balaa: chembe nyekundu zikigeuka barafu hupasuka, hemoglobini na potasiamu humwagika kwenye plazma (majimaji ya damu), na mgonjwa akiwekewa damu hiyo figo zake na moyo wake viko hatarini. Damu iliyogeuka barafu ikayeyuka haikupigii kelele. Uache mfuko usimame utulie, ndipo utaona plazma ya juu imekuwa ya waridi au nyekundu badala ya manjano.

Nimesisitiza upande wa chini kwa sababu kuna tabia imeenea ya kushusha friji hadi 2 "ili umeme ukikatika tuwe na akiba". Kompresa haisimami juu ya namba moja; inawaka, inazima, joto linapanda na kushuka kuzunguka pale ulipolenga. Ukilenga 2, sehemu ya siku friji liko chini ya 2, na mfuko ulioegemea ukuta wa nyuma, karibu na hewa inapotokea, uko chini zaidi. Lenga 4. Akiba ya umeme inatafutwa kwa njia nyingine, nitaifikia.

Friji la nyumbani halifai hata kwa usiku mmoja. Mengi hayana feni ya kusambaza hewa, kwa hiyo karibu na friza mfuko unaweza kuganda wakati ule wa mlangoni una nyuzi 9, na hakuna alamu ya kukuambia lolote.

Friji likiletwa jipya au likihamishwa chumba, lisimame wima, lipumzike kabla ya kuwashwa. Saa 24 ndizo salama kama lililazwa njiani, ili oili ya kompresa irudi mahali pake. Liache nafasi nyuma na pembeni, sentimita 10 hadi 15, mbali na dirisha linalopigwa na jua na mbali na otoklevu (mashine ya kutakasa vifaa kwa mvuke). Sakafu iwe sawa, maana friji lililoinama mlango wake haufungi vizuri. Likishawashwa, liache tupu mpaka litulie kwenye 4 mchana na usiku, huku ukiandika. Mganga mfawidhi atakusukuma uingize damu jioni ile ile kwa sababu gari la Damu Salama, mpango wa taifa unaosambaza damu, limeshafika. Mweleze kwa heshima kwamba damu ikae kwenye friji la zamani mpaka kesho.

Sasa mpangilio wa kidhibiti. Kila kampuni ina vitufe vyake, soma kitabu kilichokuja na mashine, lakini mambo utakayokutana nayo kwenye menyu ni yale yale: joto la kulenga, tofauti ya kuwaka na kuzima, alamu ya juu, alamu ya chini, muda wa alamu kusubiri, marekebisho ya kihisi, na ratiba ya kuyeyusha barafu. Kabla ya kugusa chochote, piga picha kila ukurasa wa menyu kwa simu. Ni dakika mbili, na siku mtu atakapobonyeza asichokijua utakuwa na pa kurudi.

Kwa kawaida kuna vihisi viwili. Kimoja kinapima hewa, ndicho kinachoiendesha kompresa. Kingine kimezamishwa kwenye kichupa chenye maji na gliseroli, karibu asilimia 10, ambacho kinaiga mfuko wa damu. Hewa hupanda hadi 9 ukifungua mlango ukatafuta uniti (mfuko mmoja) ya O hasi, halafu inarudi 4 ukishafunga, na damu haijahisi kitu. Kichupa ndicho kinachokuambia damu imehisi nini. Kwa hiyo angalia kichupa kina maji (utashangaa ni vingapi vimekauka, kihisi kinaning'inia hewani kama utambi bila mafuta), na ujazo wake usizidi uniti ndogo kabisa unayotunza. Mkiwa na mifuko ya watoto, kichupa cha mililita 450 kitakudanganya: mfuko mdogo utakuwa umeshapata joto wakati kichupa bado kinasoma 5.

Weka kipimajoto chenye cheti cha ulinganisho ndani ya kichupa hicho hicho, subiri kitulie, linganisha na namba ya mlangoni. Zikitofautiana, usikimbilie kurekebisha. Pima rafu ya juu, ya kati na ya chini, uandike, umwite fundi vifaa tiba. Marekebisho ya kihisi kwenye menyu yanabadilisha kinachosomeka tu, na nimeshaona friji la nyuzi 7 limefanywa lisome 4 kwa vitufe vitatu, kila mtu akaridhika.

Alamu ya juu usiiweke 6 kamili, wala ya chini 2 kamili. Ikilia kwenye 6 damu iko ukingoni tayari na wewe bado uko kantini. Mimi naweka 5.5 na 2.5, ili kati ya kelele na hasara pawe na muda wa kutembea. Alamu ya mlango inaweza kusubiri dakika moja mbili. Ile ya kihisi cha kichupa isicheleweshwe bila sababu, kwani gliseroli yenyewe imeshachelewesha.

Alamu ina betri yake, na betri hiyo huzeeka kimyakimya. Ijaribu kila mwezi: chomoa plagi ya friji, hesabu mpaka ilie, rudisha. Kisha toa kihisi cha kichupa ukizamishe kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, baadaye kwenye barafu yenye chumvi, uandike ni nyuzi ngapi alamu ililia kila upande. Kwenye kituo kimoja tulikuta waya wa betri umechomolewa na ncha yake imefungwa plasta ya jeraha, vizuri kabisa, kwa sababu usiku kelele ilikuwa inasikika wodi ya wazazi. Waliofanya vile hawakuwa wazembe. Alamu ilikuwa inalia ovyo kwa kuwa mtu aliilenga kwenye kihisi cha hewa. Alamu inayolia bila sababu itazimwa tu, kwa hiyo kazi yako ni kuipanga ilie kwa sababu.

Umeme. Friji liwe na soketi yake, bila ekstensheni, bila birika la chai la wauguzi pembeni. Plagi ifungwe kwa kifuniko au angalau ibandikwe karatasi, maana msafishaji anayetafuta pa kuchomeka simu hajui. Stabilaiza ni lazima, na iwe ile inayochelewesha dakika chache umeme unaporudi. Kompresa iliyokatika ghafla inahitaji muda presha ya gesi isawazike. Ikilazimishwa kuwaka papo hapo, tena kwenye volti za chini, inakoroma, inapata moto, na siku moja haiwaki tena. Kama maabara yenu ina LUKU yake, mtu mmoja ajulikane kuwa ndiye anayetazama salio, hasa Ijumaa.

Ile akiba ya umeme niliyoahidi ni hii: lijue friji lako linashikilia baridi muda gani. Lipakie mifuko ya maji, au damu iliyokwisha muda inayosubiri kuteketezwa, likae mpaka litulie, kisha chomoa bila kufungua mlango na uandike kila dakika 15 mpaka kichupa kifike 6. Rudia wakati wa joto. La Machi Dar es Salaam si la Julai Njombe. Muda huo uandike kwa maki peni mlangoni. Umeme ukikatika unaandika saa, hufungui, na kabla muda haujafika unahamishia kwenye kasha la kubebea damu. Pakiti za barafu zisiguse mifuko, weka kadibodi katikati.

Mpangilio wa ndani nao ni sehemu ya joto. Mifuko isimame kwenye trei, lebo zitazame mlangoni, isiguse ukuta wa nyuma wala kubanana, feni ipate pa kupitisha hewa. Isiyopimwa ikae rafu yake yenye alama kubwa, iliyopimwa ikae kwa kundi, na iliyokwisha kulinganishwa kwa mgonjwa fulani ikae pembeni na jina lake. Inayokwisha muda mapema iwe mbele. Siku 35 zilizoandikwa kwenye mfuko wa CPDA-1 (wenye dawa ya kuzuia damu isigande na kuitunza) ni za damu iliyokaa kati ya 2 na 6 wakati wote, vinginevyo tarehe ile haina maana. Chembe sahani (platileti) haziingii humu hata kidogo, zinatunzwa kwenye nyuzi 20 hadi 24 zikitikiswa. Vitendanishi, sampuli na soda ya mtu zitafutiwe kwingine.

Uniti ikitoka nje ya friji zaidi ya dakika 30, hairudi. Muuguzi atakuja nayo baada ya saa moja akisema mgonjwa amepata homa hawakuiweka, na atakuonea kwa kuwa wewe ni mgeni. Ipokee, iandike, itenge, lakini kwenye rafu ya damu salama isiingie. Dawa ya hili ni kutoa uniti moja moja, wodi ikiwa tayari kabisa.

Chati ya joto: nikikuta chati yenye 4.0, 4.0, 4.0 mwezi mzima kwa kalamu moja, naiogopa kuliko yenye 5.6 na maelezo pembeni. Friji linalofanya kazi linapanda na kushuka. Andika ulichokiona saa ulipokiona, asubuhi na jioni, na kama hamna kirekodi kinachoandika chenyewe, kila saa nne, usiku pia. Mkiwa na kirekodi cha kidijitali, hakikisha saa yake. Vingine huja vimepangwa saa za Greenwich, saa tatu nyuma yetu, halafu mnagombana ni zamu ya nani iliyoacha mlango wazi.

Usafi hauna mengi. Vumbi la kondensa, ile mirija ya kutolea joto, lisafishwe kila mwezi, kwa brashi, plagi ikiwa imechomolewa. Mpira wa mlango upime kwa kubana kipande cha karatasi na kukivuta. Kikitoka bila kushikwa, mpira umechoka. Damu ikimwagika tumia Jiki iliyozimuliwa, kisha futa kwa maji safi, kwani klorini inakula chuma.

Siku joto litakapovuka mpaka, na litavuka, usitupe damu na usiitoe kwa mgonjwa. Hamishia kwenye friji jingine, bandika "isitumike" kwenye kila mfuko, chukua kumbukumbu za kihisi, piga simu kwa msimamizi wa benki ya damu na kituo cha kanda kilichowaletea, waamue kwa maandishi. Namba zao ziwe mlangoni, pamoja na ya fundi na ya mwendesha jenereta. Karatasi hiyo ipitiwe kila mtu anapohamishwa. Mara nyingi namba ya kwanza juu kabisa ni ya mtu aliyekwisha kuhamia mkoa mwingine.