Kabla ya TS na TC, uliza habari za mjomba

Kwenye hospitali nyingi za huku Bukavu, mashariki mwa Kongo, TS (kipimo cha muda damu inavyotoka mpaka ikome) na TC (muda wa damu kuganda) ni kama chumvi kwenye sombe. Mgonjwa haingii chumba cha upasuaji bila kuandikiwa. Miaka yangu ya kwanza labo nilivifanya karibu kila siku: nadunga ncha ya sikio, nashika saa, kila nusu dakika nagusisha karatasi ya kuchujia mpaka isipate doa tena. Dakika mbili, tatu. Naandika "kawaida", napiga sahihi.

Sahihi yangu moja ilikuwa kwenye karatasi ya mtoto wa miaka sita kutoka Kadutu, aliyeletwa kukatwa mafindofindo. TS dakika 2 na nusu, TC dakika 8. Upasuaji ulienda vizuri. Usiku wa siku ya tatu mama yake akaamka, akakuta mto umelowa. Damu haikuwa ikiruka. Ilichuruzika tu, polepole, bila kukoma, na mtoto alikuwa akiimeza kimya kimya. Nilipoitwa kutafuta kundi la damu, koko yake, yaani bibi yake, alikuwa kwenye benchi la koridoo, amejifunika kitenge mabegani. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mujomba wake naye alikufaka ivi ivi, kisha kumutahiri."

Nikamwuliza mbona hakusema mapema.

"Nani aliniuliza?"

Mpaka leo sijapata la kumjibu.

TS ya kudunga sikio aliibuni William Duke, daktari wa Marekani, mwaka 1910. Kipimo cha kugandisha damu kwenye tyubu, walichokitangaza Lee na White, ni cha 1913. Si uzee wao unaonisumbua. TS inapima hatua ya kwanza tu, yaani chembe sahani zinavyokimbilia tundu na kuliziba. Mwenye hemofilia, ugonjwa wa kurithi ambao damu haigandi vizuri, chembe sahani zake ni nzima, kwa hiyo sikio lake litakauka kama langu. Alichopungukiwa ni faktari VIII (hemofilia A) au faktari IX (hemofilia B), protini za damu zinazofanya kizibo kile kishike na kudumu. Ndiyo maana damu hurudi siku ya pili au ya tatu, wakati kila mtu ameshatulia. TC nayo ni butu: inaweza kutoka nzuri hata faktari ikiwa asilimia chache tu. Mwaka 1990 Rodgers na Levin walipitia tafiti nyingi kuhusu TS wakaona haitabiri nani atavuja damu kwenye upasuaji. Sisi bado tunadunga masikio.

Basi ushauri wangu kwa vijana wa labo, wauguzi, na wazazi pia: anzeni na maswali. Fomu zetu za Kifaransa zikiuliza habari za ukoo huandika "oncle", neno lisilosema ni wa upande gani. Kiswahili kimeshatufanyia kazi hiyo. Kuna baba mdogo, kuna mjomba, na hemofilia hupita njia ya mjomba, kwa kuwa mtoto wa kiume huipokea kwa mama. Ulizeni: kuna mjomba, au mtoto wa mama mdogo, aliyevuja damu siku nyingi baada ya kutahiriwa au kung'olewa jino? Magoti ya mtoto huvimba bila kuanguka? Ila mkijibiwa "hapana", msilale. Karibu theluthi moja ya wenye hemofilia ndio wa kwanza kwenye ukoo wao.

Wasichana nao wasisahaulike. Ugonjwa wa von Willebrand, nao wa kuvuja damu, huwapata wanaume na wanawake, na unaweza kutoka kwa baba au kwa mama. Erik von Willebrand, daktari wa Finland, aliuandika mwaka 1926 baada ya kumpima binti mdogo wa visiwa vya Åland, ambaye baadaye alifariki kwenye hedhi yake ya nne. Hapa kwetu nimesikia mara nyingi mama akisema hedhi ya siku kumi yenye mabonge "ni kawaida ya ukoo wetu". Inaweza kuwa ya ukoo kweli, na bado ikawa ugonjwa.

Maswali yakileta shaka, ombeni TCA pamoja na TP, vipimo viwili vya damu kuganda; TCA ndiyo inayogusa faktari VIII na IX. TP peke yake haitoshi, maana kwa mwenye hemofilia hutoka safi. Na hapa ndipo ninapogombana na watu. Tyubu ya kifuniko cha bluu ijazwe mpaka kwenye alama: sehemu tisa za damu kwa moja ya sitrati, dawa inayozuia damu isigande. Ikiwa nusu, sitrati huzidi, TCA inarefuka bure, na mtoto mzima anaweza kupachikwa ugonjwa asio nao. Igeuzeni taratibu mara tatu nne, msiitikise. Msiiweke kwenye friji, baridi huharibu. Ifike ndani ya saa nne, na kama inakuja kwa motari kutoka Bagira, isining'inizwe kwenye mfuko usukanini mwa pikipiki, ishikwe mkononi. Tyubu nusu nairudisha, hata akiileta daktari mkuu.

Wakati majibu yanangojwa, hakuna sindano ya takoni. Hakuna aspirini wala diclofenac, hata kama mtoto analia goti. Parasetamoli inatosha.

Yule mtoto TCA yake ilikuwa zaidi ya mara mbili ya kawaida. Tuliichanganya plazima yake (maji ya damu) nusu kwa nusu na ya mtu asiye na ugonjwa, ikarudi sawa: kuna kitu kimepungua. Baadaye faktari VIII ikaonekana ni asilimia 3. Alipewa plazima usiku ule, damu ikakoma.

Mwezi uliopita koko alirudi na mjukuu mwingine, wa binti yake mdogo, aliyekuwa bado hajatahiriwa. Hakungoja kuulizwa.