Bibi yako aliuliza swali la maana

Mwanangu,

Kamwene. Huku Njombe hatujambo, baridi ndiyo imekaza, lakini mahindi tumeshayaingiza ndani. Ujumbe wako nimeupata. Unauliza jina la ile sinema ya mbu tuliyoonyeshwa kijijini nikiwa mdogo, unataka kuitafuta YouTube wajukuu zangu waione. Chini kabisa ukaongeza kwamba umesoma kisa cha wanakijiji wa Afrika walioonyeshwa mbu mkubwa kwenye sinema ya wakoloni, wakasema hawana wasiwasi kwa kuwa mbu wa kwao si wakubwa hivyo. Ukaweka na vile vijisura vya kucheka.

Jina silijui. Muulize mjomba wako wa Makambako, yeye ana kumbukumbu za majina. Mimi nataka kuzungumza hilo la chini.

Kisa hicho nimekisikia hadi chuo cha ualimu, na kila anayekisimulia hutaja nchi yake: mara Nigeria, mara Kenya, mara hapa kwetu. Hataji mtu, hataji kijiji. Wazungu waliotengeneza sinema za kufundishia Waafrika kule Vugiri, Usambara, kati ya 1935 na 1937, walitoa filamu 35, na wenzao waliofuata wakabishana miaka na miaka kama sisi tunaweza kuelewa picha inayokwenda haraka. Kisa cha mbu kilikaa vizuri sana katika ubishi huo. Sasa mimi nakutajia mtu. Ni bibi yako.

Ilikuwa 1972. Land Rover yenye spika mbili za bomba juu ya paa ilipita mchana ikitangaza, na jioni kijiji kizima kikawa uwanja wa shule na mablanketi. Wakafunga shuka jeupe kwenye nguzo za goli, jenereta wakaiweka mbali, nyuma ya darasa. Mimi nilikaa jirani na mashine yenyewe. Mkanda ulipita kwenye meno yake ukilia taka-taka-taka, joto likitoka kwenye matundu ya ubavuni, na watoto tulipokezana kuweka viganja pale tupate kuota. Katikati mkanda ukakatika. Yule bwana akausawazisha kwa wembe, akaupaka gundi yenye harufu kali, akaubana kwa vidole, akaupuliza, tukaendelea. Nilimwona mtu mwenye akili kuliko wote duniani.

Walianza na Charlie Chaplin, tukacheka mpaka mbavu zikauma. Kisha akaja mbu. Alijaza shuka lote. Miguu imekunjika, vinyweleo vinaonekana kimoja kimoja, tumbo linajaa damu polepole mpaka linang'aa. Wenzangu walijifunika. Filamu ilizungumza Kiingereza, na yule bwana akawa anaeleza kwa Kiswahili kwenye kipaza sauti: chandarua, fyekeni majani, fukieni madimbwi.

Ilipokwisha akauliza kama kuna swali. Bibi yako akasimama. Unamjua, hakuwa mtu wa kusimama mbele za watu. Akasema, "Mwanangu, hapa kwetu mbu kama hao hatuwaoni. Lakini mume wangu alishuka Usangu kuvuna mpunga, akarudi mzima, wiki ya pili akashikwa na homa mpaka akaweweseka. Huku juu nani alimuuma?"

Yule bwana alishika maneno ya mwanzo tu. Akacheka ndani ya kipaza sauti, "Mama anasema mbu wa kwenu hawafiki ukubwa huu!" Uwanja mzima ukaangua kicheko. Bibi yako akakaa, akajivuta khanga usoni. Toka siku ile akaitwa Mama Mbu, hata kisimani, hata kanisani.

Nimefundisha sayansi mpaka nikastaafu, na nakwambia swali lile lilikuwa na uzito kuliko sinema nzima. Joto likishuka chini ya nyuzi 16 hivi, vimelea vya malaria havikomai ndani ya mbu. Ndiyo maana hadi leo Njombe ni kati ya mikoa yenye malaria kidogo kabisa nchini. Lakini aliyeumwa bondeni hupanda nao mwilini bila kujijua, na homa humlipukia siku saba, kumi, hata kumi na tano baadaye, yuko kwake kwenye baridi. Watu wetu walikuwa wanashuka Usangu, Kyela, wengine mpaka mashamba ya mkonge Tanga. Waliohitaji kuambiwa habari ya chandarua ni wale wasafiri. Bibi yako, ambaye hakusoma, ndiye aliyeligusa hilo usiku ule. Aliyeuliza ndiye aliyetazama. Nimelisema hili maisha yangu yote na mnanichoka, lakini aliyeuliza ndiye aliyetazama.

Mwaka uliofuata ikaja Mtu ni Afya, ile kampeni ya afya ya redio. Watu wapatao milioni mbili nchi nzima walikaa vikundi vikundi, redio katikati, kitabu mkononi mwa kiongozi, na kipindi kikiisha mnajadiliana. Wiki ya malaria nilimwona mama yangu anasimama tena. Fikiria, baada ya jina lile! Akauliza vilevile, neno kwa neno. Kiongozi wa kikundi chetu, mwalimu wa darasa la tatu, akasema, "Mama, hilo silijui," akaliandika, akaenda kuuliza zahanati. Wiki iliyofuata akasoma jibu mbele ya watu wote. Hakuna aliyecheka. Babu yako hakushuka tena Usangu bila chandarua, na bibi yako ndiye aliyekuwa akimkunjia kwenye mkoba.

Ndiyo maana enzi zile tuko Uyole, mkitoka kwa jirani kutazama ITV, sikuwauliza mmeona nini. Niliwauliza mmejiuliza nini. Mlinuna, hasa kaka yako, aliyekuwa akipotelea vibanda umiza vya video kumsikiliza Lufufu, yule mtafsiri wa filamu.

Ningependa kusema redio ilishinda sinema, yaishe. Haiwezekani. Redio haikuwa na lile tumbo la mbu. Mimi nilikwenda kusomea sayansi kwa sababu ya picha ile, si kwa sababu ya kitabu chochote, na miaka yote nikichora mbu ubaoni nilikuwa nachora yule wa kwenye shuka. Kwa hiyo gari lile lilinipa kazi yangu, na usiku huohuo likamdhalilisha mama yangu. Nikilisifu naona khanga ile usoni pake. Nikililaani naona vidole vya yule bwana vikiunga mkanda.

Na yeye mwenyewe? Alikuwa kijana, kachoka, barabara zetu unazijua zilivyokuwa masika. Ila nimefikiri sana, na naamini kisa cha mbu mkubwa alikuja nacho tayari. Alisimuliwa huko alikofundishwa kazi, akawa anazunguka nacho akimngoja wa kumvisha, na bibi yako alipotamka tu kwamba mbu kama hao hawapo, akavishwa. Huenda hata hicho ulichokisoma kilizaliwa hivyo, mtu akauliza swali zima wakabeba nusu. Ulimi unaniwasha niseme yule bwana alikuwa mtu wa namna gani. Nauzuia, kwa shida.

Nauzuia kwa sababu wakati ule sikujua Kiingereza. Yeye alituambia kilichosemwa mle, nasi tukamwamini. Mjomba wako akikupa jina, na ukiipata, njoo nayo Desemba kwenye simu. Nataka kuisikiliza kwa masikio yangu. Kama filamu yenyewe ilieleza kuwa homa huchelewa, na yeye akaparuka hapo, basi mama yangu alijibiwa usiku uleule na jibu likaishia mdomoni mwa mtu. Siku hiyo nitakwambia ninavyomwona, na sitapunguza neno.

Wasalimie wajukuu, na mama yao.

Mama yako