Meinfremu ndani ya laptopu ilivyonifuta aibu

Juzi kijana mmoja kaniandikia: “Kaka, najifunza COBOL, lakini kukodi muda wa meinfremu kumenishinda. Nifanyeje?” Mdogo wangu, umenikumbusha mbali. Kwa asiyejua, meinfremu ni kompyuta kubwa zinazotumiwa na kampuni kama za benki na bima, na COBOL ni lugha kongwe ya kuandikia programu zake.

Kibarua changu cha kwanza kilikuwa cha kampuni ya bima ya Ulaya, nikifanya kazi kutoka chumbani kwangu. Kwenye mashine yao muda wa prosesa una bei, nami nikajifanya mjanja: programu nikaijaribu kwenye Linux ya kawaida. Ikapita safi. Kufika kwao, ikavurugika. Kumbe kwenye ASCII, namna kompyuta za kawaida zinavyohifadhi herufi kwa namba, tarakimu hutangulia herufi katika kupanga, ila meinfremu hutumia namna yake, EBCDIC, na huko herufi ndizo hutangulia. Faili mbili zilizotakiwa kulinganishwa mstari kwa mstari zikapishana. Msimamizi akauliza kikaoni, watu wote wakisikia: “Huyu amewahi kuiona meinfremu kweli?”

Sikuwa nimewahi. Lakini swali lile linaniuma hadi leo.

Ndipo nikashusha Hercules, programu ya bure inayoigiza meinfremu, aliyoianzisha Roger Bowler mwaka 1999. Nikachukua mkusanyiko wa TK4-, wenye MVS 3.8j, mfumo endeshi wa kale wa meinfremu za IBM, ndani yake, nikaingia kwa jina la mtumiaji HERC01. Kazi yangu ya tatu ikazunguka bila kikomo hadi mfumo ukaikata kwa S322, yaani muda umekwisha. Kwa mteja ningekuwa nimemla hela. Kwangu ililia feni ya laptopu tu.

Kwa hiyo makosa ya kijinga yamalizie nyumbani. Koma iliyopotea kwenye JCL, yaani maagizo ya kuendesha kazi, kosa la S0C7 la herufi iliyokaa mahali pa namba, mpangilio wa faili: yote utayaona humo. Kasi usiiamini, na COBOL yake ni ya kale, END-IF, neno la kufunga sharti, haiijui. Wala usiingize z/OS, mfumo endeshi wa sasa wa meinfremu za IBM, humo kwa njia za panya, leseni ya IBM hairuhusu. Mwenye mfuko hulipia ZD&T ya IBM yenyewe, inayoendesha z/OS kwenye seva za kawaida, kwa kuandika na kujaribu programu tu.

Nyie vijana mnalilia mashine kubwa wakati hata ujumbe wa kosa hamsomi hadi mwisho. Someni! Makosa yamalizie nyumbani, narudia.

Mwezi uliopita msimamizi yuleyule kaniomba niifundishe timu yake kuiweka Hercules. Nimemjibu kwa adabu zote. Bei nimeiandika mstari wa kwanza.