Maswali ya Wasomaji: Umeme wa Akiba Usio na Kelele kwa Ofisi ya Nyumbani

Barua nyingi za safari hii zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: kazi ya nyumbani iendelee vipi umeme ukikatika, bila muungurumo wa jenereta. Tumechagua tano.

Ninatafsiri nyaraka nikiwa nyumbani. Umeme ukikatika huchukua saa mbili, wakati mwingine nne. Nina laptopu, skrini ya inchi 24, ruta, taa moja na feni ya kusimama. Ofisi yangu inapakana na chumba cha mtoto, hivyo sitaki kelele kabisa. Fundi ananishauri ninunue inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani) ya wati 3,000 na betri mbili za N200. Nikubali?
*Msomaji, Tabata, Dar es Salaam*

Hapana, usikubali kabla hujapima. Vifaa ulivyotaja ni vidogo. Laptopu ikiwa kazini hula wati 45 hivi, skrini 25, ruta 10, taa ya LED 9, na feni 50. Jumla ni wati 139. Inveta ya wati 3,000 kwa mzigo huo itakuwa inakula betri kwa ajili ya kujiwasha yenyewe tu. Inveta kubwa za namna hiyo hutumia wati 30 hadi 60 hata kama hujachomeka kitu.

Ukitaka kuhakiki hesabu hii kwa vifaa vyako, nunua kipima wati cha kuchomeka kwenye soketi. Kama mita yako iko ndani au ukutani unapoweza kuiona, kuna njia isiyo na gharama. Zima kila kitu isipokuwa vifaa vya ofisi, kisha tazama kitaa chekundu kinachopepesa. Pembeni yake pameandikwa namba kama 1000 imp/kWh. Kwa mita ya 1000, hesabu mipepeso ya dakika sita na uzidishe kwa 10. Mipepeso 14 ni wati 140 hivi. Kama mita ni ya 1600, gawanya jibu kwa 1.6.

Sasa betri. Wati 139 kwa saa nne ni wati-saa 556. Inveta hupoteza kiasi njiani, kwa hiyo gawanya kwa 0.85, unapata 654. Betri ya lithiamu yenye alama LiFePO4 ya volti 12.8 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,280. Ukitumia asilimia 90 ya hizo, utaendesha vyote kwa saa saba. Ukizima feni, saa 11. Betri ya asidi ya ampea-saa 100 haipaswi kushushwa chini ya nusu, hivyo itakupa saa tatu na dakika arobaini hivi, na hapo bado ni mpya.

Betri nyingi zinazouzwa kwa jina la N200 ni za asidi, na zimetengenezwa kuwashia injini za malori: kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, kisha kujazwa papo hapo na injini. Ukiishusha kila siku kwa saa nne, sahani zake za risasi huota fuwele ngumu za salfeti na uwezo wake hupungua kwa miezi. Isitoshe, ikichajiwa hutoa haidrojeni, gesi inayoweza kulipuka, na chumba kinachopakana na cha mtoto si mahali pake.

Tungenunua betri moja ya LiFePO4 ya ampea-saa 100, na inveta yenye chaja ndani ya wati 1,000, iliyoandikwa "pure sine wave", yaani inayotoa umeme laini kama wa ukutani. Maneno "modified sine wave" yaache dukani. Umeme wa aina hiyo hufanya feni ivume, chaja zipate joto, na baadhi ya kompyuta za mezani zijizime.

Kuhusu kelele, kinachosikika kwenye inveta ni feni yake ya kupoozea. Feni huzunguka kwa sababu ya joto, na joto huja inveta inapokaribia kikomo chake. Mzigo wa wati 139 kwenye inveta ya 1,000 ni asilimia 14 tu, kwa hiyo mara nyingi feni itakaa kimya. Ila kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji: kelele kubwa huanza umeme *ukirudi*, pale chaja inapofanya kazi kwa nguvu zote. Ingia kwenye menyu ya inveta, tafuta mkondo wa kuchaji, uushushe kutoka ampea 30 au 40 hadi 15. Betri iliyopoteza ampea-saa 60 itajaa kwa saa nne hadi tano, na usiku mtoto hatashtuka.

Inveta nzito yenye transfoma ya shaba ni imara, lakini huvuma kwa sauti ya chini muda wote. Ukiifunga kwenye ukuta wa jipsamu au mbao, ukuta wenyewe huwa kama ngozi ya ngoma. Ifunge kwenye ukuta wa tofali na uweke mipira chini ya skrubu. Acha nafasi ya sentimita 20 kila upande, na usiifungie kabatini.

Mwisho, simama karibu na fundi anapounganisha betri na inveta. Inveta ya wati 1,000 kwa volti 12 huvuta karibu ampea 100 ikiwa na mzigo kamili. Hapo unahitaji waya wa shaba wa milimita za mraba 25, usiozidi mita moja, na fyuzi ya ampea 125 kwenye ncha chanya, ndani ya sentimita 20 kutoka betri. Vichwa vya waya vibanwe kwa koleo maalumu, visisokotwe kwa mkono. Mafundi wengi hutumia waya wa milimita za mraba 6 uliobaki kwenye kazi za sola. Dalili yake ni hii: betri imejaa, lakini ukichomeka kitu kizito inveta inapiga alamu ya volti ndogo na kuzima. Volti zimepotelea kwenye waya, na waya huo unapata moto. Baada ya dakika 30 za kazi, gusa vichwa vya waya kwa nyuma ya kidole. Kimoja kikiwa cha moto kuliko vingine, kimelegea.

Nilinunua UPS, kile kisanduku chenye betri ndani kinachoshikilia kompyuta kwa dakika chache, ya 650VA. Mwaka wa kwanza ilinipa dakika kumi stima ikipotea, sasa inanipa mbili na inapiga mlio kila wakati. Rafiki anasema niunganishe betri ya gari kwa nje nipate saa nyingi. Inawezekana?
*Mhasibu, Ruaka, Kiambu*

Inawezekana kuunganisha, na ndiyo sababu tunakuomba usifanye. Ndani ya UPS ya 650VA kuna betri ya volti 12 na ampea-saa 7, wakati mwingine 9. Chaja yake hutoa ampea moja hivi. Betri ya gari ya ampea-saa 70 itachukua siku tatu kujaa, na stima ikipotea kila siku haitajaa kamwe. Tatizo la pili ni joto. Vipande vya kielektroniki vinavyogeuza umeme vimepewa kipoza joto cha kutosha dakika chache. Ukivifanyisha kazi kwa saa mbili mfululizo, plastiki inayeyuka, na moto umeshaanza hivyo katika nyumba za watu.

UPS yako haijaharibika. Betri yake ndiyo imezeeka. Betri hizi hudumu miaka mitatu hivi mahali penye joto la nyuzi 25, na kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza maisha yake kwa karibu nusu. Kama umeiweka nyuma ya friji au kwenye dirisha lenye jua la mchana, hapo ndipo ilipoishia. Izime, ichomoe ukutani, fungua kifuniko cha chini, toa betri na usome namba zake. Nunua yenye volti, ampea-saa na vipimo vilevile. Ichaji kwa muda wa saa 8 kabla ya kuijaribu. Betri ya zamani ipeleke kwa wanunuzi wa betri chakavu, usiitupe na taka za jikoni.

Zingatia pia kwamba 650VA si wati 650. Kwa UPS nyingi za ukubwa huo ni wati 360 hadi 390. Printa ya leza isichomekwe humo hata kwa dakika moja. Ikipasha joto hunyonya wati 800 na zaidi, na hiyo pekee huizima UPS. Kuhusu mlio, aina nyingi hunyamaza ukibonyeza kitufe cha kuwashia mara moja kwa muda mfupi wakati inatumia betri. Usikishikilie, itazima.

Laptopu yangu ina betri nzuri, lakini intaneti hukatika papo hapo umeme ukienda. Nahitaji inveta kwa ajili ya ruta tu?
*Mwalimu wa masomo ya mtandaoni, Arusha*

Huhitaji. Nunua UPS ndogo ya ruta, ile isiyozidi ukubwa wa kitabu. Hutoa volti 12 moja kwa moja, haina feni na haitoi sauti yoyote. Soma chaja ya ruta kabla ya kwenda dukani: volti ni 12 au 9, ampea ni 1 au 2. Volti zilingane kabisa. Ampea za UPS ziwe sawa au zaidi. Kama una faiba, mara nyingi kuna visanduku viwili ukutani, na vyote viwili vinahitaji umeme. Watu wengi huwasha ruta na kusahau kile cheupe kinachopokea waya wa faiba.

UPS iliyoandikwa 8,800mAh, yaani ampea-saa 8.8, usiihesabu kwa volti 12. Seli zake ni za volti 3.7, kwa hiyo ina wati-saa 32 hivi, na utakazozipata ni 26. Ruta ya wati 8 itakwenda saa tatu.

Faiba ya nyumbani ina faida kubwa hapa, kwa sababu vigawanyio vyake vya mtaani havihitaji umeme. Mnara wa simu unahitaji, na betri zake zikiisha mtandao unadhoofika. Hata hivyo weka bando la data kwenye simu kwa siku ambayo mtoa huduma mwenyewe amezimika.

Tayari nina inveta na betri, lakini kompyuta yangu ya mezani hujizima na kuwaka upya kila umeme unapokatika. Laptopu ya mke wangu haisumbuki.
*Mchoraji ramani, Mwanza*

Laptopu ina betri yake ndani, kwa hiyo haioni pengo. Kompyuta ya mezani huvumilia pengo la milisekunde 16 hivi ikiwa na mzigo kamili. Inveta nyingi hutoka kiwandani zikiwa kwenye hali ya vifaa vya nyumbani, iliyoandikwa APL, ambapo kuhama kutoka umeme wa ukutani hadi betri huchukua milisekunde 20 au zaidi. Ingia kwenye menyu, badilisha kutoka APL kwenda UPS, hali ya kompyuta. Pengo litashuka hadi 10 hivi.

Badiliko hilo lina gharama yake. Kwenye hali ya UPS inveta nyingi hukataa umeme ulio chini ya volti 170, wakati kwenye APL hupokea hadi 90. Kama mtaani kwenu volti hushuka jioni watu wakipika, inveta itahamia betri mara kwa mara na utasikia tiki, tiki, tiki za swichi ya ndani. Ikifikia hapo, irudishe kwenye APL na uweke UPS ndogo ya 650VA kati ya inveta na kompyuta pekee.

Majirani wanalalamikia jenereta yangu. Kuna jenereta isiyo na kelele?
*Mwenye studio ya picha, Nakuru*

Isiyo na kelele kabisa haipo. Iliyo tulivu ipo: jenereta ya aina ya inveta, iliyofungwa kwenye ganda, hutoa desibeli 50 hadi 60 kwa umbali wa mita saba, na injini yake hupunguza mwendo mzigo ukiwa mdogo. Ukizidisha umbali mara mbili, unapunguza desibeli 6 hivi. Usiifungie kwenye sanduku la mbao ili kuficha sauti: itakosa hewa na kuungua. Usiiweke ndani, barazani wala chini ya dirisha. Moshi wake una kaboni monoksidi, haina harufu, na imeua familia zilizolala.

Wala usichomeke jenereta kwenye soketi kwa waya wenye plagi dume pande zote mbili. Umeme huo hutoka hadi kwenye nguzo na unaweza kumuua fundi anayetengeneza laini. Weka swichi ya kuhamisha umeme, ifungwe na fundi mwenye leseni.

Kwa kazi yako tungeibakiza jenereta kwa siku mbaya pekee, kama kukatika kwa Agosti 25, 2023, ambapo sehemu kubwa ya Kenya ilikaa gizani kwa saa nyingi. Siku za kawaida tumia betri. Siku ya giza refu, washa jenereta mchana kwa saa tatu, ichaji betri kwa ampea 30, kisha uizime. Kwa ile LiFePO4 ya ampea-saa 100 utakuwa umerudisha ampea-saa 90 hivi, na majirani watalala. Kabla ya kulipia betri mpya ya aina hiyo, mwombe muuzaji siku saba za kuirudisha, ichaji ijae, iwekee mzigo wa wati 100 na uandike saa. Ikizima kabla ya kutimiza saa tisa na nusu za kazi, namba iliyo kwenye stika si ya kweli. Irudishe.