Inayong'aa au yenye kutu?

SWALI: Shikamoo mama. Ni mwalimu hapa Mafinga, nataka kununua nyumba ya kupangisha Mbeya. Nimeonyeshwa mbili Uyole, mtaa mmoja, vyumba vitatu vitatu, viwanja vinalingana, zote zina hati. Ya kwanza ina rangi mpya, jipsamu na marumaru: milioni 46. Ya pili bati lina kutu, rangi imebabuka, uani magugu matupu: milioni 34. Dalali ananihimiza nichukue ya kwanza, eti mpangaji huchagua kwa macho. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Dalali hajakudanganya. Mpangaji huamua akiwa bado getini, na nyumba iliyokaa tupu miezi 3 kwa kodi ya laki mbili imeshakula laki sita. Ila mpangaji akiona ukuta umevimba, anafungasha na kuhama. Wewe unabaki nao.

Nyumba yangu ya kwanza, kule Ilomba, niliinunua mwezi wa tisa. Kuta nyeupe, safi, harufu ya rangi bado ipo. Ilipofika Februari chumvi ilikuwa imetoka ukutani kama unga, kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti, na rangi inadondoka vipande vipande. Nikapaka upya, tena rangi ya mafuta nikidhani ndiyo imara. Mvua iliyofuata, rangi yote ikavimba. Fundi mmoja mzee ndiye aliyenieleza: tofali za kuchoma hunyonya maji ya ardhini, maji yakikauka chumvi inabaki, na rangi ya mafuta huyafungia ndani. Nilibandua lipu yote ya chini, nikachimba mfereji, nikaweka gata na zege la kuzunguka nyumba, nikaacha ukuta ukauke mpaka Septemba. Rangi ikaja mwisho. Chini nilipiga mkanda wa kahawia, maana udongo wetu mwekundu ukirushwa na mvua, ukuta mweupe haudumu.

Kwa hiyo ile inayong'aa usiilipie kabla hujaiona mvua zikiwa zimekolea, Januari au Machi. Zunguka nyuma, watu hupaka mbele vizuri zaidi. Weka kiganja ukutani usawa wa goti, usikie baridi ya maji. Gonga lipu: ikilia kama debe tupu, imeachia. Omba kabati lisogezwe. Tazama na kuta za majirani, kwa sababu zikiwa na chumvi, ardhi ile ina maji na hiyo nyumba haijasalimika. Kama ni karibu na barabara kuu, pima. Hifadhi ya barabara ni mita 30 kutoka katikati yake, na alama ya X ya kubomolewa haifutwi na rangi.

Sasa hiyo ya kutu, ambayo nadhani umeidharau mapema. Tofauti ni milioni 12. Panda paani na fundi wako, si wa dalali. Ahesabu bati, achome mbao za kenchi kwa bisibisi aone kama mchwa wameingia, aangalie kama kuta zina nyufa za msingi. Kutu, magugu na rangi iliyobabuka vina bei unayoweza kuiandika kwenye karatasi. Msingi uliokaa vibaya hauna. Tuseme anakupa hesabu ya milioni 7 kwa bati, mbao, rangi na uani. Ongeza miezi 3 bila kodi, laki sita. Bado umebakiwa na milioni 4 na laki nne, na unajua kilichoko chini ya kila rangi.

Ukishainunua, usianze na jipsamu. Gata, mfereji, bati, lipu, kisha rangi, na rangi yenyewe Agosti au Septemba, kwa sababu baridi ya Juni na Julai huchelewesha ukuta kukauka. Marumaru sebuleni yanatosha, vyumbani sakafu ya saruji iliyosuguliwa vizuri haimfukuzi mpangaji wa Uyole.

Mwambie dalali unarudi mvua zikikolea. Akikwambia kuna mteja mwingine anayelipa kesho, mwache alipe.