Re: Mtoto hawezi kuchomwa chanjo mara moja tu yakaisha?

Dada, umeuliza kwa nini mtoto asichomwe mara moja tu badala ya kurudi kliniki wiki ya 6, ya 10 na ya 14 kwa ajili ya penta, ile chanjo ya magonjwa matano. Watu wako kazini kweli kweli kutafuta hiyo ya mara moja. Mwaka 2017 kina Robert Langer na Ana Jaklenec wa chuo kikuu cha MIT kule Marekani walitengeneza vikombe vidogo mno vya plastiki inayoyeyuka mwilini, inaitwa PLGA, jamii ileile ya nyuzi za kushonea kidonda ambazo hazitolewi, kila kikombe wanakijaza dawa au chanjo halafu wanakifunika na kifuniko chake. Kwenye panya vilifunguka siku ya 9, ya 20 na ya 41 bila kuvuja kabla, na hapo ndo penyewe, maana mwili unaona kama umechomwa tena.

Shida ni joto. Chanjo ya kukaa kwenye friji nyuzi 2 hadi 8 sasa ivumilie joto la mwili, nyuzi 37, kwa wiki kadhaa, alafu plastiki ikianza kuvunjika inatoa asidi inayoweza kuiharibu humohumo ndani. Kwa hiyo kwa sasa tarehe za kwenye kadi usiruke hata moja, mpeleke tu.