Mbona mathenge hauoti chini ya mama yake lakini kwa boma umejaa?

Ndugu umeuliza mbona chini ya mathenge mkubwa (ule mti wa miiba, Prosopis) hupati mche wake hata mmoja, halafu kwa boma la mbuzi miche imejaa kama sukuma kwa kitalu. Mimi niko Baringo, Kenya, upande wa Marigat, huu mti tunaishi nao tangu uletwe miaka ya 80 kuzuia jangwa, na kwa muda mrefu nilidhani ni kivuli tu. Kivuli kinachangia, lakini majani na maganda yake yana sumu, mvua ikinyesha inaoshwa inaingia kwa udongo, na haichagui, inakaba nyasi na inakaba mbegu za mti wenyewe. Watafiti walishapima hiyo 1994, wakaona sumu ya maganda ya mathenge inapunguza kuota kwa mbegu zake na kudumaza miche.

Nilijaribu mwenyewe na mikebe miwili ya kasuku (ya mafuta ya kupikia), udongo ule ule, mbegu nimezikwaruza kwanza kwa simiti maana ni ngumu kama kokoto. Mmoja nikamwagilia maji ya kawaida, mwingine maji nimeloweka maganda yaliyopondwa usiku kucha, yanatoka rangi ya strungi (chai bila maziwa) na harufu tamu tamu. Wa kwanza ulijaa. Wa pili ilitoka michache, na nikiing'oa mizizi ni vijiti vifupi, ncha nyeusi kama imeunguzwa.

Sasa mbuzi akila ganda, tumbo linamaliza ule utamu pamoja na sumu yake, linalainisha mbegu, kisha anaiangusha mbali na mama, ndani ya samadi! Ile kesi ya 2006 watu wetu walishtaki serikali juu ya mti huu wakapeleka kortini mbuzi asiye na meno, na ni kweli sukari ya maganda inawaharibu meno, lakini kinyesi wachache walikiangalia. Mimi nilimwaga samadi mbichi kwa mahindi, msimu mzima nikang'oa mathenge.

Kwa hivyo mbuzi wakitoka kichakani wafungie wiki nzima kabla hujawapeleka malisho safi, na samadi iache iive kabisa. Maganda okota, kausha, peleka mashine usagiwe unga wa kulisha mifugo, na usikubali unga wenye mbegu nzima, rudisha usagwe tena mpaka zivunjike zote.